"Mbona hawakaribishi chakula?" Maswali ya wanaokwenda kusoma Ujerumani

Muhula wa baridi wa vyuo vya Ujerumani huanza Oktoba, na kila ukikaribia, wadogo zetu waliopata nafasi huanza kututafuta sisi tuliotangulia. Mambo ya viza na akaunti ya benki wameshayasoma mpaka wameyachoka. Wanachouliza ni yale madogo ambayo hakuna ofisi inayokuandikia barua kukueleza: salamu, sahani, choo, jirani, Jumapili. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mwaka. Mimi ni Mtanzania, kwa hiyo mifano mingi ni ya kwetu, ila Mkenya au Mganda atajikuta humu pia.

Msimamo wangu niuseme mapema, maana utauona kila mahali. Adabu Ujerumani ipo, tena nyingi, ila haikai pale tulipozoea kuikuta. Sisi tumeiweka kwenye salamu na kwenye sahani. Wao wameiweka kwenye saa, kwenye ukimya na kwenye karatasi. Ukiitafuta kwenye salamu utawaona wakavu, nao wakiitafuta kwenye saa yako watakuona wewe ndiye huna heshima.

Ni kweli Wajerumani hawasalimiani?

Si kweli. Ingia chumba cha kusubiria kwa daktari uone: kila anayeingia huwasalimu waliokaa, watu asiowajua kabisa, nao huitikia. Ukiingia duka la mkate bila kusema chochote, ukaonyesha kidole tu unachotaka, umekosa adabu. Kwenye ngazi za jengo unaloishi, jirani husalimiwa, na wewe mgeni ndiye unayetarajiwa kuanza. Hamburg utasikia "Moin" asubuhi, mchana na jioni. Bavaria watakuambia "Grüß Gott", salamu yenye jina la Mungu, na hakuna haja ya kuanza kujadili imani ya mtu.

Kisichokuwepo ni salamu ndefu. Habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi, huko hazipo. Ukifika dirishani kwenye ofisi ya uhamiaji ukamuuliza mhudumu ameamkaje, atakutazama akisubiri useme shida yako, na nyuma yako foleni itaanza kuguna. Salamu moja, jina lako, jambo lako. Hicho kifupi ndicho heshima kwake, kwa sababu hukumpotezea muda.

Na "shikamoo" utaitamani. Hakuna mahali pa kuiweka. Mzee wa miaka themanini atakupita na baiskeli mlimani, na ukimpisha kiti kwenye basi anaweza kukataa kwa uso uliokunjamana, kana kwamba umemwambia amekwisha. Wengine hupokea kwa shukrani. Uliza kwanza, usimnyanyue mtu mkoba mkononi kwa nguvu ya malezi mema.

Nifanyeje na maprofesa? Nimtazame machoni? Nimpinge?

Mtazame. Kwetu mtoto aliyelelewa huinamisha macho mkubwa anapomsemesha, na hili tunalibeba mpaka chuo kikuu. Huko ukiinamisha macho unaonekana unaficha kitu au hujasoma. Inachosha mwanzoni, lakini utazoea kabla ya Krismasi.

Profesa anaitwa kwa cheo na jina la ukoo, na kwa "Sie", ile "wewe" ya heshima. Wanafunzi kwa wanafunzi ni "du" tangu siku ya kwanza. Hakuna anayesimama mwalimu akiingia. Mwisho wa mhadhara utasikia ukumbi mzima unagonga meza kwa vifundo vya vidole. Usishtuke, ndiyo makofi yao.

Kuhusu kupinga: kwenye semina ukikaa kimya muhula mzima, mwalimu hatasema "huyu ni mpole". Atadhani huna la kusema. Sisi tumefundishwa kusikiliza mkubwa amalize, kisha tukubali. Kule anakusubiri uulize "kwa nini?" Unapinga hoja, humpingi yeye, na wengi wao wanaitenganisha hiyo kweli kweli. Wewe pia utakosolewa hivyo hivyo. Ukiwasilisha kazi yako usitarajie wakupambie kwanza. Ataanza na kosa la ukurasa wa pili, atakwenda la ukurasa wa tatu, na mwisho mtaagana vizuri tu. Wenzetu wengi hutoka hapo wakidhani wamefeli, kisha matokeo yakitoka wana alama nzuri.

Tukiwa kwenye alama, hili liandike mahali. Kwetu, na Makerere pia, tano ya GPA ndiyo kileleni. Ujerumani 1.0 ndiyo bora kuliko zote, 4.0 ndiyo ya kuponea, na 5.0 ni kufeli. Usimpigie mama simu kwa furaha kabla hujakumbuka hilo, na ukimpigia kumwambia umepata moja, mweleze taratibu, vinginevyo nyumba nzima itaanza kukuombea.

Jambo jingine ni kujisajili kwa mtihani. Kusajiliwa kwenye somo hakutoshi. Mtihani wenyewe una dirisha lake la kujisajili, na likifungwa limefungwa. Hakuna kumfuata mwalimu ofisini na kumwomba kwa upole. Mtihani wa somo moja mara nyingi una idadi maalumu ya majaribio, na vyuo vingi haviendi zaidi ya matatu. Hakuna atakayekufuata kukuuliza mbona huonekani darasani. Ule uhuru ni mtamu hadi Februari, mitihani inapofika.

Ratiba inasema mhadhara ni saa 10 c.t. Hiyo c.t. ni nini?

Ni robo saa ya kichuo. "10 c.t." maana yake unaanza 10:15. "10 s.t." maana yake saa kumi kamili ya kwao, yaani saa nne asubuhi yetu. Ni mahali pekee Ujerumani ambapo kuchelewa kumehalalishwa, na hata huko kumepimwa kwa dakika.

Kwenye saa, weka simu yako kwenye mfumo wa saa 24 na uache kabisa kutafsiri kichwani, la sivyo utakwenda kwa daktari saa sita kabla au saa sita baada. Pia, mtu akikuambia kwa mdomo "halb drei", ni saa nane na nusu mchana, si saa tisa na nusu.

Kwa nini kila kitu kinahitaji miadi?

Kwa sababu muda wa mtu huko ni kama shamba lake: hupiti katikati bila kuomba. Benki ni miadi, kinyozi ni miadi, daktari ni miadi, hata rafiki. Waswahili waliokaa huko wakizungumza Kiswahili safi kabisa utawasikia wakisema "kesho nina Termin", na neno hilo halitafsiriwi tena.

Ukisema "tutaonana" kwa maana yetu, ile ya kuagana tu, mwenzako anaweza kutoa kalenda na kukuuliza lini. Basi mpe siku. Akikuambia Alhamisi ya wiki tatu zijazo, saa moja jioni, usicheke. Hatakukumbusha tena na atakuwepo. Wiki tatu zote hizo hatakuwa amesahau. Mimi hili nilianza kwa kulidharau na nikaishia kulipenda kuliko mengi mengine, maana ahadi ya Mjerumani unaweza kuiegemea.

Kufika dakika tano kabla ni kawaida. Ukiona utachelewa hata dakika kumi, tuma ujumbe. Na treni? Treni zao zenyewe huchelewa, tena sana, na kulalamikia treni ndiyo njia rahisi ya kuanzisha mazungumzo na Mjerumani usiyemjua.

Mbona wanakula mbele yako bila kusema "karibu"?

Hili ndilo linalowaumiza watu wetu kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Utakuwa kwenye treni, mtu wa kiti cha pembeni atafungua mkate wenye jibini, atautafuna wote mpaka makombo, hakukutazama. Mtakuwa jikoni kwenye nyumba ya kupanga pamoja, mwenzako atapika tambi za sahani moja, atakaa mbele yako, atakula huku mnaongea. Kwetu mtu wa namna hiyo angesemwa mtaa mzima. Kule hajafanya kosa lolote. Chakula ni chake, amekinunua kwa hesabu yake, na kukukaribisha kungekuweka wewe kwenye deni ambalo hukuliomba. Hivyo ndivyo anavyoliona.

Friji nayo imegawanywa. Rafu ya juu yako, ya kati yake. Maziwa yana jina. Usichukue yai moja la mtu ukidhani utarudisha kesho. Uliza, atakupa kwa moyo mweupe, na kesho urudishe kweli.

Wewe endelea kusema karibu. Sioni sababu ya kuacha. Ila jua atakachofanya: ama atashangaa, ama atakaa na kula kweli, kwa sababu kwake mwaliko ni mwaliko. Pima ugali wako kabla hujatamka.

Sasa geuza upande wa pili. Umealikwa kwao, umeulizwa "utaongeza?" Kwetu unakataa mara ya kwanza kwa heshima, mwenyeji anasisitiza, unakataa kwa sauti ndogo zaidi, anakujazia. Ujerumani ukisema hapana, sahani inaondoka. Mwenyeji amekuheshimu kwa kuamini neno lako. Wanafunzi wangapi wamerudi hosteli na njaa kutoka kwenye karamu! Ukitaka, sema ndiyo mara ya kwanza.

Jioni unaweza kukuta mkate, jibini, nyama baridi na matango, basi. Hicho ndicho chakula cha usiku, hawajakudharau. Chakula cha moto kwa wengi wao ni cha mchana, ndiyo maana kantini ya chuo, ile wanayoiita Mensa, hufurika kuanzia saa sita. Kwa Waislamu: nyama ya nguruwe kwenye Mensa huwa imeandikwa au kuwekwa alama, lakini soma kila siku maana hujificha hadi kwenye mchuzi wa dengu. Nyama ya halali utaipata kwa Waturuki, ambao wako kila mji tangu mkataba wa wafanyakazi wa mwaka 1961, na maduka yao yatakuokoa pia kwa viungo, bamia na chai.

Nimealikwa mgahawani. Nani analipa?

Kila mtu chake, isipokuwa mtu awe amesema wazi kwamba analipa yeye. Mhudumu mwenyewe atauliza kama mnalipa pamoja au mbalimbali, na atasimama hapo akigawa bili ya watu wanane bila kununa. Kurudishiana euro mbili kwa marafiki si ubahili.

Siku ya kuzaliwa ni kinyume na unavyodhani: mwenye siku ndiye anayeleta keki na kuwalisha wenzake. Na usimpongeze siku moja kabla. Wanaamini ni mkosi, hata wale wanaokuambia hawaamini chochote.

Jirani amegonga ukuta saa nne na nusu usiku. Nimekosa nini?

Saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa za utulivu karibu kila jengo, na Jumapili ni utulivu wa kutwa nzima. Hakuna kutoboa ukuta, hakuna muziki wa kusikika nje, na kwenye majengo mengi hata mashine ya kufulia Jumapili huleta maneno. Soma karatasi ya kanuni za jengo iliyobandikwa mlangoni. Ndiyo, kuna kanuni, na ndiyo, majirani wamezisoma.

Kama unafanya sherehe, weka karatasi kwenye ngazi siku chache kabla: tarehe, namba ya ghorofa, samahani kwa kelele, mnakaribishwa. Inasaidia sana. Jirani aliyetaarifiwa huvumilia, asiyetaarifiwa huita polisi, na polisi huja kweli kwa sababu ya spika.

Simu nazo zina sauti. Sisi tukizungumza na nyumbani tunapaza sauti kana kwamba Mbeya inasikia kwa umbali. Ndani ya treni kuna mabehewa ya ukimya, na mle hata kunong'ona kwa Kinyakyusa kutakuletea macho.

Maduka Jumapili yamefungwa kwa sheria, na ulinzi wa siku hiyo uko hadi kwenye katiba yao. Nunua Jumamosi. Ukisahau, kuna maduka ya stesheni kubwa, vituo vya mafuta na baadhi ya maduka ya mkate asubuhi.

Takataka: ni kweli kuna mapipa manne?

Mara nyingi ndiyo. La karatasi, la vifungashio, la mabaki ya chakula, na la yaliyobaki. Chupa za kioo hupelekwa kwenye makontena ya mtaani kwa rangi zake, nyeupe, kijani, kahawia, na si Jumapili kwa sababu zinapiga kelele. Mahali pa kwanza ambapo mwenzako wa nyumba atakuonyesha hasira huenda pakawa hapa.

Ila kuna habari njema: chupa nyingi za plastiki na makopo ya soda yana dhamana ya senti 25. Unarudisha kwenye mashine ya dukani, inakupa risiti, unaikatia bei kwenye manunuzi. Utaona pia watu wanaweka chupa kando ya pipa badala ya ndani. Wanamwachia anayeziokota kwa ajili ya riziki. Katika mambo yao madogo, hilo nalipenda.

Karatasi gani hazisamehewi?

Ukishahamia kwenye nyumba unayopanga, una wiki mbili kisheria kujiandikisha ofisi ya mji. Bila cheti hicho hata benki inakuwa ngumu. Kwenye fomu utaulizwa dini. Usiandike kwa mazoea ya fomu za kwetu. Ukijiandikisha Mkatoliki au Mlutheri wa makanisa yanayotambuliwa kwa kodi, ukianza kupata mshahara unaokatwa kodi ya mapato utakatwa na ya kanisa: asilimia 8 ya kodi hiyo Bavaria na Baden-Württemberg, 9 kwingineko. Mwanafunzi mwenye kibarua kidogo kwa kawaida hafiki huko. Andika ukweli wako, ila ujue unaandika nini.

Kisha itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Wengi huidhani ni ya utapeli na kuitupa. Si utapeli, na deni linakua. Kama mnaishi wanne, mnalipa moja na kugawana.

Barua zozote za bahasha, zifungue. Nchi hii ya viwanda bado inaongea kwa posta.

Na tiketi: stesheni za mjini hazina mageti, unaingia tu kama sebuleni kwako. Usidanganyike. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, na ukikamatwa bila tiketi ni euro 60, hata ukieleza ulivyokuwa unakimbilia mtihani.

Choo?

Hakuna maji. Ni karatasi. Watu wa pwani na Waislamu wote, beba kopo lako au nunua chupa ndogo yenye mdomo mrefu na umalize mjadala. Wanaume, kwenye nyumba za kupanga pamoja mtaombwa mkae hata kwa haja ndogo, wakati mwingine kwa kibandiko chenye picha. Si masihara. Kusafisha ni kwa zamu yenu nyote, na zamu ikiandikwa ukutani inahesabiwa.

Wanapenga kamasi mezani?

Ndiyo, kwa kitambaa na kwa sauti ya tarumbeta, kisha wanaendelea na supu. Kuvuta kamasi ndani ndiko kunakowachefua. Tusonge mbele.

Ni sawa kutembea na rafiki yangu tumeshikana mikono?

Wanaume wawili wa kwetu wakiongea njiani wameshikana mikono hakuna anayegeuka. Kule watachukuliwa kuwa wapenzi. Kwa kawaida hakuna atakayewafanya lolote, ila jueni mnavyosomwa. Vilevile mtu akikupa kitu kwa mkono wa kushoto hajakutukana. Hajui kabisa kwamba mkono huo una kesi.

Giza la Desemba linavumilika?

Berlin mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na siku nyingi hata hilo jua lenyewe hulioni. Watu wetu hudhani tatizo ni baridi. Baridi ina koti. Giza ndilo linalokuweka kitandani, unaanza kukosa vipindi, unaacha kupokea simu za nyumbani. Toka nje mchana hata dakika ishirini, na kama hali inazidi, vyuo vina huduma ya ushauri nasaha isiyo na malipo. Wajerumani wenyewe huitumia na hawaoni haya. Juni utalipwa: saa tatu usiku bado kweupe, na mji mzima uko kwenye nyasi.

Saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wakati wa baridi nyumbani wako mbele kwa saa mbili, kiangazi kwa saa moja. Waambie, la sivyo mama atapiga wakati wa mtihani.

Halafu dirisha. Katikati ya baridi kali mwenye nyumba atakuambia ufungue madirisha yote dakika chache, mara mbili kwa siku. Utadhani amechanganyikiwa. Ni kwa sababu ya unyevu: nyumba zao hazipumui, na ukipika maharage saa tatu bila kufungua, ukungu utaota ukutani na gharama itakuwa yako. Mara nyingi imeandikwa kwenye mkataba.

Nitajuaje kama ni utamaduni wao au ni ubaguzi?

Kipimo changu: je, Mjerumani mwenzao angefanyiwa hivyo hivyo?

Bibi akikufokea kwa kuendesha baiskeli kando ya barabara palipo pa waendao kwa miguu, anawafokea wote, ndiyo kazi aliyojipa. Ukivuka taa nyekundu mbele ya watoto utasemwa, na faini ya euro 5 ipo kwa wote. Kukukodolea macho kwenye treni, wanakodoleana hata wao. Kiti cha pembeni yako kuwa kitupu wakati behewa lina nafasi, hakuna Mjerumani anayekaa karibu na mtu akiwa na hiari.

Lakini basi likijaa, watu wamesimama, na kiti chako tu ndicho kitupu, hilo ni jingine. Mtu kukushika nywele bila ruhusa ni jingine. Kuambiwa chumba kimeshachukuliwa mara tu ulipotaja jina, kisha mwenzako mwenye jina la Kijerumani akapiga simu na kukaribishwa kukiona, hapo usijadiliane na nafsi yako. Tangu 2006 wana sheria ya kuzuia ubaguzi, inagusa ajira na nyumba pia, na kuna ofisi ya taifa inayopokea malalamiko. Chuo nacho huwa na mtu wake. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Karatasi, nimeshasema.

Wapo wenzetu ambao kila kitu kwao ni ubaguzi, wanaishi kwa uchungu. Wapo wengine ambao hata wakitukanwa waziwazi husema "ndivyo walivyo hawa". Hawa wa pili ndio wananisikitisha zaidi, maana hawaombi msaada.

Wanajua chochote kuhusu sisi?

Wengi wanajua Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar. Wachache wanajua kwamba waliwahi kututawala, ingawa miaka ya karibuni limeanza kusemwa. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji.

Ukifika Berlin, nenda mtaa wa Wedding. Kuna barabara iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Baadaye walijaribu kuitakasa kwa kusema ni ya Peters mwingine. Agosti 2024 ilibadilishwa, na sehemu yake sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Kisha panda treni hadi makumbusho ya viumbe asilia, ukamwone dinosaria mrefu wa zaidi ya mita 13. Alichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na mifupa yake ilibebwa na watu wetu kwa miguu hadi bandarini. Nenda na wenzako wa darasa. Utashangaa wangapi wamekuja hapo na shule wakiwa wadogo na hawajawahi kuuliza Lindi iko wapi.

Nitapataje marafiki?

Si kwa kusubiri mtu akuzoee kwenye korido. Huko watu hukutana kupitia shughuli: kwaya, mpira, kupanda milima, michezo ya chuo ambayo ada yake ni ndogo. Ukija Jumanne ya kwanza, ya pili, ya tano, ghafla mtu anakualika kwao. Wanachelewa kufungua mlango, ila wakifungua hawafungi ovyo.

Njia ya mkato tunayo sisi. Kiswahili kinafundishwa Bayreuth, Leipzig, Hamburg na kwingineko, na wanafunzi wake wanatafuta mtu wa kuzungumza naye. Saa moja mnasema Kijerumani, saa moja Kiswahili. Hao wanajua tayari maana ya "karibu", na wengine watakuamkia shikamoo hata kama mna umri mmoja. Wasahihishe polepole.

Nibebe chakula gani kutoka nyumbani?

Nyama na vitu vya maziwa acha, haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwenye begi lako. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, yakiwemo maembe. Nanasi, ndizi, nazi na tende zimesamehewa. Sembe usiibebe, maduka ya Kiafrika wanayo, na kwa Wakongo utapata hadi kisamvu kilichogandishwa, ila ulizia kwa jina lao, pondu. Beba viungo vya pilau vya nyumbani, majani ya chai na kanga mbili.

Dagaa wakavu wanaruhusiwa. Wafunge mifuko mitatu, waweke rafu yako, na siku ya kuwakaanga waandikie wenzako wa nyumba ujumbe mapema kwenye kundi: siku, saa, na kwamba dirisha litakuwa wazi. Ukiwapa na wao waonje, usishangae wakikuuliza Alhamisi ipi unapika tena.